Mbunifu majengo aanzie kwenye boksi, si kwenye skrini

Boksi la kawaida la dukani, lile lililokuja na sabuni au biskuti, lina unene wa milimita 3 hadi 4. Ukuta wa tofali la inchi sita, ukishapigwa plasta ndani na nje, unafika sentimita 18 hivi. Punguza unene huo mara 50, unapata milimita 3 na nusu. Kwa hiyo mwanafunzi wa ubunifu majengo aliyeomba boksi tupu kwa Mangi, mwenye duka la mtaani, ameshapata, bila kutoa hata shilingi, malighafi ya kujengea nyumba nzima kwa skeli ya 1:50, tena yenye kuta za unene wa kweli. Kilichobaki ni rula ya chuma, kisu chenye wembe mkali, gundi nyeupe ya seremala, na mwalimu wa kumsisitizia kwamba kazi hiyo ina thamani.

Siku hizi mwalimu huyo ndiye aliye hatarini kukosekana. Ubunifu majengo unafundishwa Nairobi tangu 1956, Makerere tangu 1989, Kigali tangu 2009, na Dar es Salaam unafundishwa Chuo Kikuu Ardhi, kilichopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2007. Kama ilivyo duniani kote, kompyuta imeingia studio, na imeingia kwa haki. Tatizo ni zamu yake: inaingia mapema mno. Kijana ambaye bado hajui ngazi inakula nafasi kiasi gani anaweza, ndani ya wiki chache, kutoa picha ya jumba la vioo lenye bwawa mbele na machweo nyuma. Mzazi akiitazama atasema mwanangu ameshahitimu. Picha hiyo haijamuuliza kijana swali hata moja.

Modeli ya boksi inauliza, tena tangu dakika ya kwanza.

Chukua ngazi. Nyumba yenye mita 3 kutoka sakafu ya chini hadi sakafu ya juu inahitaji vipandio 17 hivi, kila kimoja kikiwa na kimo cha zaidi kidogo ya sentimita 17 na nusu. Mahali pa kukanyaga pakiwa na sentimita 28, ngazi iliyonyooka inameza karibu mita 4 na nusu za nyumba. Kwenye mchoro hiyo ni mistari midogo iliyopangwa vizuri, na kila mwanafunzi huichora bila wasiwasi. Kwenye modeli ya 1:50, kimo cha kipandio kimoja ni milimita 3 na nusu, yaani tabaka moja la boksi. Basi mwanafunzi anakata matabaka 17, kila moja fupi kuliko la chini yake, anayabandika moja juu ya jingine, na ngazi inapanda mbele ya macho yake hadi kimo cha sentimita 6, ikiwa imekula urefu wa sentimita 9. Kisha anakata mtu wa manila, mwenye kimo cha sentimita 3 na milimita 4, anampandisha. Kama tundu la slabu limeachwa fupi, mtu yule akifika kipandio cha saba kichwa kinagonga dari.

Hapo ndipo kazi inapoanza. Tundu lazima lirefushwe. Likirefushwa linakula chumba cha juu. Chumba kikisogezwa, ukuta wake haukai tena juu ya ukuta wa chini, na mzigo hauna pa kwenda. Kosa moja limefungua milango mitatu ya somo, na kifaa cha kufundishia kilikuwa kichwa cha karatasi. Kompyuta nayo ingeweza kumwonyesha hilo, lakini kwenye skrini kila kitu hukuzwa na kupunguzwa kwa kidole, mpaka jicho likasahau ukubwa wa mwili wa mtu. Modeli haikuzwi. Ikiwa imebana, imebana.

Mikono hujifunza na mengine ambayo silabasi haiyataji. Ndani ya boksi kuna mawimbi, yaliyobanwa katikati ya karatasi mbili. Kipande kilichokatwa mawimbi yakiwa yamelala njia moja hupinda kwa kidole tu. Kikikatwa njia nyingine kinagoma. Fundi wa kupaua anaijua habari hii kwa bati: nguvu ya bati iko kwenye migongo yake, ndiyo maana hulazwa migongo ikikatiza papi, kamwe isiwe sambamba nazo. Mwanafunzi aliyehangaika usiku na paa la boksi lililolegea, kwa sababu aliyaelekeza mawimbi njia isiyo yake, hahitaji kuikariri kanuni hiyo. Akifika saiti ataongea lugha moja na fundi. Atakuwa amejifunza pia kwamba wembe butu hukata vidole kuliko ulio mkali, kwamba boksi hukatwa kwa kupitisha kisu mara tatu kwa wepesi badala ya mara moja kwa nguvu, na kwamba milimita moja aliyoipuuza ni sentimita 5 za nyumba ya mtu.

Walimu hodari wameyajua haya zamani. Katika Bauhaus, shule ya sanaa na ubunifu iliyoanzishwa Weimar, Ujerumani, mwaka 1919 na kuhamia Dessau mwaka 1925, Josef Albers aliwahi kuingia darasani na bunda la magazeti. Akamgawia kila mwanafunzi, akawataka watengeneze kitu chenye thamani kuliko gazeti lenyewe, bila kupoteza karatasi, na ikiwezekana bila mkasi wala gundi. Kisha akatoka. Aliporudi alikuta ndege, makasri na vinyago. Vyote alivihesabu kuwa kazi ya chekechea, kwa sababu kila kimoja kingeweza kutengenezwa vizuri zaidi kwa kitu kingine. Aliyesifiwa ni mwanafunzi aliyekunja karatasi yake kwa urefu, ikasimama wima yenyewe. Karatasi inayolegea mkononi, ikikunjwa tu, inasimama na kubeba.

Mkunjo ule ni elimu kubwa. Anayeingia Soko Kuu la Kariakoo, Dar es Salaam, lililobuniwa na Beda Amuli na kujengwa katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1970, akiinua macho anakutana na miavuli ya zege inayopanuka kwenda juu. Zege ile inategemea umbo, haitegemei unene peke yake. Mwalimu anaweza kulieleza jambo hili kwa saa mbili ubaoni. Mwanafunzi akipewa manila na mchana mmoja ajaribu kuujenga mwavuli mmoja tu, ataona karatasi ikijikunyata pale umbo linapokosewa na ikikaza pale linapopatikana. Itasikitisha jengo kama lile, lililo umbali wa nauli ya daladala, lisipotumika kama darasa la kila mwaka.

Wapo watakaosema huu ni mtazamo wa kizamani, kwamba waajiri wanatafuta kijana anayejua Revit na ArchiCAD, hawatafuti mkata maboksi. Hoja hiyo ina uzito na haifai kubezwa. Programu hizo hukokotoa eneo na idadi ya matofali, hubadilisha madirisha 40 kwa amri moja, na hugundua bomba linalopita ndani ya boriti kabla fundi hajalitoboa. Hakuna ofisi ya maana itakayorudi kwenye penseli peke yake. Lakini tazama jengo ambalo pengine kuliko mengine yote liliishangaza dunia kwa kile kompyuta inachoweza, Jumba la Makumbusho la Guggenheim mjini Bilbao, Hispania, lililofunguliwa mwaka 1997. Lilianzia kwenye vipande vya mbao na karatasi. Frank Gehry na wenzake walijenga modeli kwa mikono, wakazibomoa, wakazijenga upya. Umbo lilipokubalika ndipo modeli ilipopimwa nukta kwa nukta na kuingizwa kwenye CATIA, programu iliyobuniwa Ufaransa kwa ajili ya kuunda ndege. Kompyuta ilipewa kazi ambayo mkono usingeiweza, nayo ikaifanya vizuri. Mkono ulitangulia.

Kwa nchi zilizo karibu na ikweta kuna sababu ya ziada, nayo ni jua. Modeli ikitolewa uani na kuelekezwa vile jengo litakavyoelekea, kivuli chake ndicho kivuli cha jengo lenyewe, kwa kuwa miale ya jua hufika ikiwa sambamba na haibagui kikubwa na kidogo. Dar es Salaam, jua la adhuhuri mwezi Juni husimama upande wa kaskazini, nyuzi 60 hivi kutoka upeo wa macho. Desemba huhamia kusini, nyuzi 73 hivi. Na mapema Machi, kisha karibu tarehe 10 Oktoba, hupita utosini. Kuta za kaskazini na kusini hukingwa kwa urahisi na paa lililotokeza kidogo. Ukuta wa magharibi una shida yake. Wakati wa Machi au Septemba, ikifika saa kumi na nusu jioni, jua limeshuka hadi nyuzi 30 hivi, na paa lililotokeza sentimita 60 linaukinga ukuta huo sentimita 35 tu. Dirisha lote lililobaki linaungua, na chumba kitakachopokea joto hilo ni kile ambacho watoto watalala saa tatu usiku.

Kwenye modeli, kinga hiyo ni utepe wa kivuli wa milimita 7. Mwanafunzi akiuona kwa macho yake, juu ya boksi alilolikata mwenyewe, atahamisha dirisha au ataongeza baraza. Anayetaka kuona jua la Juni akiwa Februari hubandika pembeni mwa modeli saa ya jua iliyochorwa kwa latitudo ya mji wake, akachomeka pini, kisha akaiinamisha modeli kuelekea jua mpaka kivuli cha pini kiangukie mwezi na saa anayoitaka. Kifaa kizima ni karatasi na pini. Programu nazo zina jua lake, ila lazima mtu akumbuke kulibonyeza. La uani halisubiri kubonyezwa.

Modeli imewahi kufanya makubwa zaidi ya hayo. Karibu na Barcelona, katika Colònia Güell, makazi ya wafanyakazi wa kiwanda cha nguo, Antoni Gaudí alitumia takriban miaka 10, kuanzia 1898, kutafuta umbo la kanisa kwa modeli ya kuning'iniza. Alifunga nyuzi kwenye dari, akazitundikia vifuko vidogo vya risasi vilivyowakilisha mzigo wa kila sehemu, kwa skeli ya 1:10. Nyuzi zilijipanga zenyewe kadiri ya uzito. Akazipiga picha, akazigeuza picha juu chini, na kile kilichokuwa kimevutwa na uzito kikawa tao linalobeba uzito. Hesabu ambazo zingemchosha mtu kwa kalamu zilifanywa na kamba. Kanisa halikumalizika, lakini sehemu yake ya chini ipo na inasimama hadi leo.

Huyohuyo Gaudí aliacha pia modeli za plasta za Sagrada Familia, kanisa lake kubwa la Barcelona. Alifariki 1926. Miaka 10 baadaye, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Hispania, karakana yake ilichomwa moto, michoro ikaungua na modeli zikapondwa. Waliobaki wakaokota vipande, wakaviunganisha kimoja kimoja kwa miaka mingi, na kwa kuvisoma vipande hivyo ujenzi ukaendelea. Karatasi ilikwenda na moto. Plasta iliyovunjika bado iliweza kupimwa.

Haki inadai upande wa pili nao usemwe. Modeli hudanganya, na hudanganya hasa juu ya nguvu. Vitruvius, mbunifu wa Roma ya kale, anasimulia katika kitabu chake cha 10 habari za mtu aliyeitwa Callias, aliyefika kisiwa cha Rhodes na modeli ya winchi iliyoweza kunyakua mnara wa vita wa adui na kuuingiza ndani ya ukuta wa mji. Wakazi walivutiwa, wakamnyang'anya mhandisi wao Diognetus posho yake ya kila mwaka, wakampa mgeni. Mwaka 305 kabla ya Kristo adui akaja na mnara halisi, mkubwa mno, na Callias akakiri kwamba kile kilichowezekana kwenye modeli hakiwezekani kwa ukubwa ule. Ikabidi wakamwangukie Diognetus. Akatoboa ukuta, akaagiza maji, matope na uchafu wa mji mzima umwagwe nje usiku, na mnara wa adui ukakwama kwenye tope.

Sababu ya kushindwa kwa Callias ilikuja kuelezwa na Galileo mwaka 1638. Kitu kikikuzwa mara mbili kwa kila upande, uzito wake hupanda mara nane, ilhali eneo la nguzo zinazoubeba hupanda mara nne tu. Nyumba ya boksi iliyosimama imara mezani haithibitishi kitu juu ya zege. Dar es Salaam imeshazika watu kwa majengo yaliyoporomoka, mtaa wa Indira Gandhi Machi 2013 na Kariakoo Novemba 2024, na hakuna modeli inayoweza kuchukua nafasi ya vipimo vya udongo, zege na nondo. Mwanafunzi aambiwe hivyo siku ileile anayopewa kisu. Kujua kifaa kinasema kweli wapi na kinaongopa wapi ni sehemu ya kukimudu.

Kuna kosa jingine, na hili ni la vyuo vyenyewe. Modeli zinazopewa alama nyingi mara nyingi ni zile za siku ya mwisho, zilizonyooshwa na kupakwa rangi, zenye miti ya sponji na vigari vya dukani. Hizo ni za maonyesho, ndugu na zile zenye taa ambazo wauzaji wa majumba huziweka kwenye vioo. Zinafundisha kidogo, kwa sababu zinajengwa baada ya maamuzi yote kufanyika. Modeli inayofundisha ni ile mbaya ya wiki ya pili, yenye gundi iliyomwagika, iliyokatwa ukuta na kubandikwa tena mara nne, yenye alama za penseli na tundu lililozibwa kwa karatasi ya daftari. Hiyo ndiyo inayoonyesha akili ikifanya kazi. Jopo la walimu lingefanya jambo la maana kama lingetaka kuziona hizo kwanza, zote, zimepangwa kwa mfuatano wa wiki.

Suala la fedha nalo linaingia hapo. Modeli za siku ya mwisho hudai bodi nyeupe za kuagizwa nje, plastiki safi, mashine ya leza, siku hizi hata printa za 3D. Mwenye mzazi mwenye uwezo anaweza kulipia vyote, hata kumlipa mtu amjengee. Mtoto wa mkulima wa Namtumbo au Kwale hawezi, naye hukaa jopo likimtazama kana kwamba ana akili ndogo kuliko mwenzake. Sharti likiwa boksi, vijiti vya mishikaki na gundi, kinachobaki kupimwa ni kichwa na mikono. Hakuna njia rahisi kuliko hiyo ya kuwasawazisha wanafunzi wa darasa moja.

Lakini sababu kubwa kuliko zote iko nje ya geti la chuo. Watu wengi wa Tanzania na Kenya hujijengea wenyewe, kidogo kidogo, kwa ramani ya kununua na fundi wa mtaani. Ramani ni lugha ya wataalamu. Mwenye nyumba huitazama, akaitikia kwa kichwa, akasema sawa, kwa heshima au kwa kuona haya kusema haielewi. Ukuta ukishapanda ndipo anapogundua kwamba chumba cha mita 3 kwa 3, kikishaingia kitanda cha tano kwa sita na kabati la sentimita 60, kinaachwa na upenyo wa sentimita 88, na mlango wa sentimita 90 hauwezi kufunguka wote. Kubomoa ni gharama. Basi anaishi hivyo.

Mbele ya mtu huyohuyo weka modeli yenye paa linaloondoka. Mpe na kitanda cha karatasi cha sentimita 3 kwa 3.7 akiweke mwenyewe. Bibi ambaye hakuwahi kushika ramani atainama, atafumba jicho moja, atachungulia kupitia mlangoni, na maswali yataanza: mbona mlango wa choo unatazamana na sebule, mgeni wa kulala atapita wapi bila kukatiza vyumba vya wasichana, jiko la mkaa litakaa wapi mvua ikinyesha, maji ya paa yatamwagikia kwa jirani? Hayo ni maswali ya ubunifu majengo, ya kiwango cha juu kabisa, na yameulizwa na mtu asiyejua neno skeli.

Uwezo huo wa modeli wa kumpa kila mtu sauti umewahi kumkera hata bingwa. Baada ya moto mkubwa wa London wa mwaka 1666, Christopher Wren alipewa kazi ya kubuni kanisa jipya la Mtakatifu Paulo. Mwaka 1673 na 1674 mafundi walimjengea modeli ya mbao yenye urefu wa zaidi ya mita 6, kubwa kiasi cha mtu kuweza kuingia ndani na kutazama huku na huku, kwa gharama iliyotosha nyumba nzuri ya London wakati ule. Viongozi wa kanisa wakaiona, wakaielewa, wakaikataa: haikufanana na kanisa walilolizoea. Kitabu kilichotolewa na familia yake mwaka 1750 kinaeleza kwamba tangu hapo Wren aliamua kutojenga tena modeli wala kuonyesha michoro yake hadharani, maana vilimpotezea muda na kumweka chini ya hukumu za wasiojua.

Wren alikuwa na kipaji ambacho hakina ubishi, lakini katika hili hakuwa na haki. Walioikataa modeli ndio waliokuwa wasali humo. Wangepewa michoro ya kitaalamu tu wangeitikia kwa kichwa, kama anavyoitikia mwenye nyumba wa Mbagala au Kitengela. Mbunifu anayeficha kazi yake kwenye lugha isiyosomeka anajiepusha na ubishi ambao ni haki ya watu, na kijana akizoeshwa mapema kuwa picha ya kupendeza inatosha, anafundishwa kuficha.

Francis Kéré wa Burkina Faso alichagua njia nyingine. Alianzia kwenye useremala kabla ya kusoma ubunifu majengo Ujerumani, na shule ya msingi ya kijijini kwake, Gando, iliyokamilika mwaka 2001, aliibuni pamoja na watu ambao wengi hawakujua kusoma. Kwao alichora ardhini, kwenye mchanga, kwa ukubwa wa kutembeleka. Watu walipotilia shaka matofali ya udongo yaliyopangwa kwa tao, kilijengwa kipande cha majaribio, wakapanda juu yake na kurukaruka. Mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupata tuzo ya Pritzker, kubwa kuliko zote katika fani hiyo. Njia aliyoitumia Gando haikuhitaji umeme.

Mikono ya kazi hii haihitaji kutafutwa mbali. Pwani ya Lamu na Unguja watoto huchonga ngalawa ndogo, wakazitia tanga la plastiki na kuzishindanisha majini, na zenye uwiano mbaya hupinduka. Bara watoto husuka magari ya waya yenye usukani unaozunguka. Mtoto wa miaka 9 aliyefanya hivyo tayari anajua skeli, mizania na maungio. Kisha anaingia sekondari na kukaa miaka minne akinakili ubaoni, mpaka vidole visahau. Shule za ufundi kama Ifunda, Moshi, Tanga na Mtwara zimekuwa na karakana kwa miongo mingi, na mkondo wa amali ulioanza Tanzania mwaka 2024 umefungua mlango kwa shule nyingine. Modeli ya nyumba ni zoezi linalofaa mno humo: ina hesabu, jiografia ya jua, uchoraji na ufundi wa mikono kwa pamoja, na vifaa vyake vinatoka jalalani.

Kwa vyuo vya ubunifu majengo, ombi ni la wazi. Mwaka wa kwanza wote uwe wa penseli, boksi na uani. Kompyuta ianze mwaka wa pili, na hata hapo kila jengo litakalochorwa kwenye skrini lijengwe kwanza kwa mikono, angalau kwa 1:100. Alama zitolewe kwa modeli za kazi kuliko za maonyesho. Na angalau mara moja kabla ya kuhitimu, kila mwanafunzi aibebe modeli yake hadi kwa watu wa mtaa au kijiji atakachokuwa amebunia zahanati, soko au shule, akae kimya wakiigusa, kisha aandike walichouliza na alichobadilisha. Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi nayo inaweza kuliingiza hilo katika vigezo vya kumpima anayeomba kusajiliwa.

Msomaji anayejiandaa kujenga naye ana sehemu yake. Kabla ya kumalizia malipo ya ramani, mwombe mbunifu wako modeli ya boksi ya 1:50, yenye paa linaloondoka. Kwa nyumba ya vyumba vitatu ni kazi ya siku chache. Ipeleke nyumbani, iweke mezani, waite wote watakaolala humo, na usisaini kitu mpaka kila mmoja wao ameuliza swali lake.